Moyo wa Papa Rukara

Siku hiyo soko la Masisi lilijaa mpaka mbuzi wakakosa pa kupita. Mbele ya dispanseri, wazee waliopigana Abisinia walikuwa wamepanga mustari, medali vifuani. Usiniulize nani aliwaamuru! Munganga muzungu alitaka tu kupima mioyo yao, ailinganishe na ya wazee waliobaki nyumbani na ng'ombe.

Kamaliza alikuwa amemsindikiza baba yake, Papa Rukara. Kikwembe chake cha manjano kilikuwa kimefungwa begani, chombo cha maziwa kichwani. Isidore, muuguzi mwenye kaputula nyeupe iliyonyooshwa vikali, akapita mbio na daftari lake, akamgonga. Maziwa yakamwagika.

"We kaka, macho umeacha wapi?"

"Kwako, dada. Unirudishie nifanye kazi."

Kamaliza akacheka bila kutaka.

Isidore alipomsikiliza Papa Rukara kifuani, utani ulimwisha. Moyo ulipiga, ukasita, ukapiga mara mbili haraka, kisha ukanyamaza mpaka akaogopa.

"Unaumwa, Papa?"

"Hapana!" mzee akajibu, kidevu juu. Mbele ya mkubwa, askari haumwi. Wote walijibu hivyo hivyo, na midomo ya wengine ilikuwa imeshabadilika rangi.

"Usiwaambie kitu mpaka kazi iishe," munganga akaagiza. "Wakiogopa, vipimo vitaharibika."

Mvua zikaanza. Kila Jumapili Isidore alipanda kilima kwa Kamaliza, na mara kwa mara wiki ilikuwa imemla mzee mmoja wa ule mustari. Miezi mitatu ilipopita alikuwa amekata majina manne kwenye daftari.

"Tuoane mwezi huu, mupenzi," akamwambia.

"Mbele ya mavuno? Haraka ya nini? Iko muntu anakufukuza?"

"Basi tu."

"Basi tu haiko jibu. Umepata mwingine kule kwenu Walikale?"

Hakuwa na mwingine, maskini. Alijua kwamba Papa Rukara akifa, mwaka mzima wa matanga hakuna harusi, na msemaji wa Kamaliza atakuwa baba yake mdogo, Ndayambaje. Huyo alikwisha kuapa kwamba binti yao hataolewa na mtoto wa wawindaji wa msituni. Jambo hilo ndilo Isidore aliloliwaza kwanza, na mimi simtetei.

Mwishowe likamshinda. "Moyo wa Papa umechoka, Kamaliza. Nilisikia siku ile ya soko."

"Siku ile? Miezi mitatu? Na jana alikuwa anakata majani ya ng'ombe juu kilimani!"

"Nilikatazwa kusema."

"Kusema ulikatazwa, lakini kuharakisha ndoa hukukatazwa! Toka hapa!"

Isidore hakulala. Asubuhi alirudi, akavua koti jeupe nje, akaingia, akaketi chini sakafuni, miguuni pa mzee.

"Papa, mimi siko mukubwa wako. Niko mutoto. Unaumwa?"

Papa Rukara alishusha kidevu.

"Ninaumwa, mwanangu. Tangu Abisinia. Nikilala chini sipumui."

Mlangoni, Kamaliza akaangua kilio. Isidore akaeleza yote: wale wanne waliozikwa, amri ya munganga, hata haraka yake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa imekwisha hapo hapo, naye alijua.

"Lete pombe, Kamaliza," mzee akasema. "Nimutoe leo binti yangu."

"Hapana, Papa," Isidore akajibu. "Kwanza tukupeleke hospitali. Ndoa itangoja. Mimi nitangoja."

Kamaliza akafuta macho. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha pombe ya mtama, akampa baba yake kwa mikono miwili.

"Kunywa kidogo tu, Papa. Sasa mimi njo mwenye haraka."

Mzee akanywa mbele ya majirani waliovutwa na kilio, mashahidi wake, akampa Isidore, naye akanywa. Kisha vijana wanne wakambeba Papa Rukara kwenye kitanda cha fito, wakashuka naye katika mvua kuelekea mto na hospitali ya ng'ambo, Kamaliza amemshika mkono upande huu, Isidore upande ule. Hawakuufikia mto.

Matanga hayajafika hata siku ya nane, Ndayambaje akaja na fimbo yake, akasimama uani.

"Sasa mimi njo nitakayeongea juu yako, Kamaliza."

Binti hakuinuka.

"Papa alishaongea," akasema.