Mshono Si Wangu

"Mwanangu, mimi na wewe hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na kilo zako."

Mama mkwe mtarajiwa alisema hayo akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, mfuko wa nguo miguuni. Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja, maana kuna maneno ukiyasikia na pini mdomoni unaweza kuzimeza.

"Sijakuelewa, mama."

"Harusi ya mwezi ujao haipo. Jana tumekaa kikao, mimi na baba zake wadogo. Isimame kwanza mpaka upungue kilo ishirini. Kijana ametueleza yote."

"Yote yapi?"

"Usinifanye niseme, mwanangu. Huo moyo wako. Daktari amesema umezingirwa na mafuta, ukishika mimba hamponi, wewe wala mtoto. Kijana wangu ameficha miezi yote hii kwa sababu anakupenda. Lakini hatuwezi kuoa mgonjwa tukiwa tunaona."

Fundi akajiuliza: Moyo upi? Wa nani?

Miezi minne nyuma, mchumba wake mwenyewe ndiye aliyemtuma kupima. Mchumba huyo watu walimwita Kocha. Alifundisha mazoezi mtaa wa pili, picha yake bila shati imebandikwa mlangoni pale, tumbo limegawanyika vipande. Kwa miaka mitatu ya mapenzi alimwita Fundi "Bonge langu", na Fundi akacheka, kwa sababu alidhani neno zito ni "langu". Kumbe mwenzake alikuwa anakazia lile la kwanza.

Basi alikwenda. Akatolewa damu, akapimwa presha, akatembezwa juu ya mkanda wa mashine mpaka jasho likamtoka. Daktari, mama mmoja mfupi asiye na maneno mengi, alimwambia hivi:

"Uzito wako sitausifia, magoti yako yatakuja kukudai. Tembea, punguza sukari kwenye chai, mwakani njoo tena. Lakini leo sukari yako nzuri, presha nzuri, moyo mzuri. Ungekuwa mgonjwa ningekwambia. Ugonjwa hauonekani kwa kumtazama mtu kiuno."

Kocha aliisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja.

"Vipimo hivi navyo hukosea, Bonge."

Tangu siku hiyo akampangia maji ya ndimu asubuhi na matango jioni. Akamwambia gauni la harusi alishone dogo kwa inchi tatu, lipate kumfukuza apungue. Fundi akalishona, akalivalisha sanamu ya kupimia nguo, akawa analitazama kila siku kwa aibu. Wiki ya tatu alianguka juu ya cherehani, mteja ndiye aliyemwokota. Mapenzi bwana. Mtu mwenye akili zake timamu anakubali kufa njaa ili aambiwe mzima.

Mama mkwe akasogeza ule mfuko kwa mguu.

"Na hizi suruali zake nimezichukua bila kumwambia, mpigie pasi. Jitahidi, mwanangu. Wanaume wavumilivu siku hizi ni wachache."

Alipotoka tu, Fundi akapiga simu.

"Kocha, mama yako ametoka hapa. Moyo wangu una nini?"

Kwenye simu akasikia vyuma vya mazoezi vikigongana.

"Nina darasa, Bonge. Tutaongea."

"Karatasi uliisoma kwa macho yako. Kwa nini umewaambia nina ugonjwa wa moyo?"

"Wazee huwajui wewe. Nilitaka kukupa muda upungue bila presha. Nimekutetea, ujue."

Akakata. Baada ya dakika mbili ukaingia ujumbe: *Usimbishie mama. Kubali tu kwa sasa. Nafanya haya kwa afya yako.*

Fundi akaweka simu chini, akawasha pasi. Mikono yake ilizoea kufanya kazi hata kichwa kikiwa kinaungua. Akatoa suruali ya kwanza, ile ya kijivu aliyomshonea yeye mwenyewe, akaigeuza nje ndani ili aanze na kiuno. Hapo mkono ukasimama.

Nyuma ya kiuno palikuwa pamefumuliwa na kushonwa upya. Uzi wake ulikuwa mweupe, na Fundi hashoni kijivu kwa uzi mweupe hata akilewa. Akachukua ya pili. Hivyo hivyo. Ya tatu ilipunguzwa mara mbili, mshono juu ya mshono. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa ameishika nguo yenyewe.

Wazo la kwanza lilikuwa mwanamke. Mwanamke mwembamba, mwenye cherehani, anayemtengenezea suruali mchumba wa mtu. Kwa hasira akaiunguza ncha ya kola ya shati la mteja lililokuwa jirani. Kisha akaitazama tena mishono. Kila mwisho wa mstari mshonaji huyo aliacha kijiuzi kirefu kama masharubu. Mtaa mzima ni fundi mzee mmoja tu aliyeshona hivyo.

"Mzee Mkasi," alisema dakika kumi baadaye, akiwa amesimama mlangoni kwa mzee na suruali begani. "Hizi zimepita mikononi mwako."

Mzee Mkasi akavua miwani. Alikuwa hajui kudanganya, ndiyo maana alikuwa maskini.

"Alinikataza nisikwambie, binti yangu."

"Alikuja na nani?"

"Na nani tena? Peke yake. Mara nne, ndani ya miezi saba. Amesema kwako anaona haya, utamcheka."

"Kiuno kilikuwa inchi ngapi?"

Mzee akafungua daftari. "Thelathini na sita. Mwisho, wiki jana, thelathini kamili." Akalifunga daftari. "Nikamuuliza, kijana, mazoezi gani haya yanayomla mtu hivi? Akacheka. Lakini kila akija hapa huomba maji. Anamaliza jagi zima, anakwenda chooni, anarudi kuomba tena."

Fundi akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Baba yake mzazi alikwisha hivyo hivyo. Suruali zilimvuka, koo halikushiba maji, na watu walimsifu kwamba amekuwa kijana. Walipokuja kujua ni sukari, mguu ulikuwa umeshaoza.

"Anaumwa," alisema.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mzee akajibu taratibu. "Mwambie kabla hajaumbuka."

Jumapili mchana alikwenda kwa mama mkwe bila kualikwa. Aliwakuta mezani, mama na mwanawe. Kocha mbele yake alikuwa na jagi la maji.

"Bonge? Mbona hukusema unakuja?"

Fundi akaweka karatasi ya daktari mbele ya mama.

"Soma, mama. Huo ndio moyo wangu." Kisha akaweka suruali tatu mezani, zimegeuzwa nje ndani. "Na hii ni habari ya mwanao. Inchi sita kwa miezi saba. Kocha, umepima sukari lini?"

"Mimi? Niangalie mimi nilivyo." Akacheka, akapiga tumbo lake. "Mama, unamsikia? Mtu wa kilo mia moja na kumi ananiuliza mimi sukari."

Mama akacheka pia, kidogo. Fundi hakucheka. Akatoa tepu shingoni.

"Simama nikupime mbele ya mama. Kiuno kikizidi thelathini, nitaomba radhi na kilo ishirini nitapunguza."

Kocha hakusimama. Akajimiminia glasi ya maji, akaimaliza, akajimiminia nyingine mpaka jagi likaisha. Mama yake akalitazama jagi tupu.

"Mwanangu," alisema mama, sauti ikiwa imeshuka. "Unaumwa?"

"Mama, achana naye."

"Nimekuuliza. Unaumwa?"

Alijibu akiitazama meza.

"Ni sukari. Nilipima mwezi ule kabla ya kumpeleka yeye."

"Dawa unatumia?" Fundi akauliza.

"Nikionekana na dawa nani atanifuata? Picha yangu iko mlangoni pale. Mwalimu wa afya mgonjwa, si kichekesho hicho?"

"Kwa hiyo ukanituma nikapime."

"Nilijua watakukuta na kitu. Niliapa ukikutwa nacho nitakwambia na changu, tuuguzane. Ukarudi mzima." Akainua uso, na alikuwa amekasirika kweli, kama vile yeye ndiye aliyetendewa. "Wewe, kati ya watu wote, ukarudi mzima. Na harusi inakaribia, na mwili unanikimbia. Nilihitaji muda."

"Ungesema unaumwa wewe."

"Nani angeniamini? Kwako kila mtu angeamini. Wakikuangalia tu wanaamini."

Neno hilo lilimwingia Fundi mahali ambapo njaa ya miezi minne haikuwahi kufika. Aliumia, tena sana, na aliwaacha waone kwamba ameumia. Kisha akaanza kukunja tepu yake.

Mama mkwe akamshika mkono.

"Mwanangu, yamepita. Ugonjwa hauchagui mtu. Sasa anakuhitaji kuliko jana. Harusi itakuwa mwezi ujao kama ilivyopangwa, mimi mwenyewe nitawaambia baba zake."

"Mama, juzi kwenye kiti changu ulisema hamuwezi kuoa mgonjwa mkiwa mnaona."

Mama akauachia mkono.

"Na mimi ningeolewa naye," Fundi akasema. "Mgonjwa hivyo hivyo. Baba yangu nilimfunga vidonda kwa mikono hii. Sukari ningeibeba, Kocha. Nilianguka kwa njaa nawe unaijua siri yako, ukaniletea tango." Akaandika namba ya yule daktari mfupi nyuma ya karatasi, akaisukuma kwake. "Kesho asubuhi nenda. Usipokwenda, mama, mburute."

Mlangoni aliitwa, "Bonge langu," akaendelea kutembea.

Miezi mitatu baadaye alikuwa amepiga magoti kwenye pindo la bibi harusi mmoja mnene mwenye mashavu mazuri. Gauni lilikuwa lilelile la kwenye sanamu. Inchi tatu alizozificha ndani ya mshono alizifungua, akaongeza na mbili.

"Fundi, nisipungue kwanza ndipo unipime?" msichana aliuliza kwa aibu.

"Nyanyua mikono. Nguo hushonewa mwili uliopo."

Kivuli kikaingia mlangoni. Kocha. Mashavu yamerudi kidogo, shati limemkaa. Mkononi alishika suruali ya kijivu.

"Dawa natumia," alisema. "Ile picha nimeitoa. Suruali zimeanza kunibana, nimekuja unifungulie kiuno. Na tuongee, kama utakubali."

Fundi aliipokea suruali, akaigeuza. Uzi mweupe. Kwa sekunde chache moyo wake, ule mzima, ulimuuma kuliko wa mgonjwa yeyote. Akamrudishia.

"Nimefurahi sura imerudi. Lakini mpelekee Mzee Mkasi. Mshono si wangu."

"Fundi, tafadhali."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Fundi alikwisharudi kwenye pindo, pini tatu mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni hawezi kujibu.