Paka wa Madam

Walikutana wakigombania sanduku. Ilikuwa Jumamosi alasiri, soko la Naif, Dubai, limefurika wanunuzi. Paskazia wa Bukoba, mhudumu wa mkahawa Jumeirah Lake Towers, alikuwa ndani ya dera la manjano, ameshika kishikio. Upande wa pili alivuta Hudson, mlinzi kutoka Kakamega, shati limenyooka kwa pasi.

"Hilo nimeliona kwanza, madam."

"Wewe umeliona, mimi nimelishika."

Hudson akabadilisha sauti, ikawa nzito ya mzee tajiri: "Mpeni bibie sanduku! Mpeni na duka!"

Paskazia akacheka, na kwa kicheko hicho akawa amenaswa.

Sauti hiyo ilikuwa kazi ya pili ya Hudson. Kila Jumapili, chumbani kwao Naif, Hudson alitia maneno ya Kiswahili kwenye filamu za zamani, kisha akarusha vipande mtandaoni; wenzake wakamwita Dijei. Iliyopendwa kuliko zote ni komedi ya Kihispania, nyeusi na nyeupe, ya tajiri mnene na kijakazi wake. Hudson hakujua Kihispania hata neno moja, na hakuna aliyejali.

Ikafuata miezi saba ya simu.

"Umekula, malaika?"

"Nimekula, kasuku wangu."

Siku moja Paskazia akamfungulia moyo. Kazi yake ya kwanza Dubai ilikuwa ya ndani. Njaa ilipomzidi, alijificha stoo akala biskuti za paka wa madam.

"Nilimwomba yule paka msamaha, Hudson. Nikamwambia na mimi nina mama. Usimwambie mtu."

"Woi, sweetheart. Imeishia hapa."

Haikuishia hapo. Jumapili moja, kwenye chumba cha Paskazia huko Al Muraqqabat, Everlyn anayelala naye humo alimletea simu, machozi ya kicheko yakimtoka. Kwenye kioo, kijakazi wa Kihispania alikuwa stoo anatafuna. Sauti ya Hudson, nyembamba, ya kike, ikalia: "Nisamehe, paka! Na mimi nina mama!"

Paskazia akatoka nje kwenye korido, akapiga simu.

"Umenianika, Hudson!"

"Babe, tulia. Hakuna mtu anajua ni wewe."

"Mimi najua!"

"Ilikuwa tu jokes..."

"Njaa yangu ndiyo komedi yako? Khalas, yameisha. Usinipigie tena."

Na wewe msomaji usimwonee Hudson huruma. Mtu akikuvulia siri yake unaifunika, huianiki kwenye kamba ya jirani. Wiki nzima alipiga simu, na wiki nzima haikupokewa.

Jumapili iliyofuata Paskazia akaenda mwenyewe chumbani kwa Hudson, Naif, suti nyeusi, midomo myekundu. Wanaume walijaa vitandani, filamu inaonyeshwa kwenye shuka ukutani. Hakumsalimia mtu.

"Lete maiki. Rudisha pale stoo."

Hudson akarudisha. Kijakazi akaanza kutafuna, na Paskazia akamsemea:

"Nina siku mbili sijala. Friji wameifunga kwa kufuli. Paka ana sahani yake, mimi sina. Kesho nitampigia mama nimwambie nimeshiba."

Hakuna aliyecheka. Zedekiya, fundi wa rangi, aliweka chini chapati yake.

Ukutani, tajiri mnene akapiga magoti mbele ya kijakazi. Kwa mazoea, au kwa woga, Hudson akaisogelea maiki na sauti yake ya kizee: "Bibie, nisamehe. Kubali nikuoe."

Paskazia akachomoa waya wa umeme, filamu na maiki vikazimika.

"Huyo mnene nimemsamehe. Wewe hujaniomba kitu."

Hudson akatoa simu, akakifuta kile kipande mbele ya wote. Kisha akapiga magoti kwenye zulia, bila maiki, kwa sauti yake ya kawaida.

"Paska, nilikosa. Nilipenda watu wacheke kuliko nilivyokulinda. Nataka nikuoe, kama bado unanitaka."

Hasira bado ilikuwa usoni mwa Paskazia. Akainama, akamnong'oneza sikioni. Kisha akasema wote wasikie:

"Ukimwambia hata mtu mmoja, jibu linabadilika."

Akatoka. Chumba kikalipuka.

"Amesemaje? Dijei, tafsiri!"

Hudson akafuta macho, akatafuta viatu vyake mlangoni.

"Hiyo haitafsiriwi," akasema, akamfuata.