Maziwa ya Bibi Eufrasia

Kama Wankyo angekifunga vizuri kibuyu chake siku ile, asingejuana na Baltazari. Stendi ya Bunda ilifurika watu, wapiga debe wakigombea abiria, naye akashuka kwenye basi akitokea Butiama, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa, mkononi kibuyu cha maziwa mgando aliyopewa na bibi yake. Mtu akampiga kikumbo. Kizibo kikaruka, maziwa yakalilowesha shati jeupe la kijana aliyekuwa mbele yake.

“Yesu wangu! Kaka, nisamehe.”

Kijana hakufoka. Aliinusa kola yake akafumba macho.

“Hiki kibuyu kimefukizwa moshi. Mama yangu alikuwaga nacho cha hivi. Tangu afariki sijaisikia harufu hii.”

“Sasa utalamba shati?”

“Nikaribishe kwenye kibuyu, shati nitaliacha.”

Ndivyo Baltazari wa Makoko alivyomwingia moyoni. Wankyo alikuwa fundi cherehani Bunda, Baltazari karani Musoma, na kila jioni simu iliita.

“Umekula nini, mama watoto?”

“Watoto wa nani? Hebu niache!” Lakini asipoitwa hivyo, usingizi haukuja.

Kisha kisukari kikamkata mguu mzee Samwel, baba yake Baltazari. Kijana aliingiwa na hofu, akajiunga na kundi la kwenye simu lililofundisha kula kama mababu: nyama, samaki, mizizi. Sukari marufuku, mkate marufuku, na maziwa pia, maana mababu wa kale kabisa, walisema, hawakufuga.

“Hata maziwa, Balta?”

“Hata maziwa, mpenzi. Nataka nizeeke nawe nikiwa na miguu yote.”

Wankyo alicheka tu. Hakumwonya bibi, wala hakumwonya Baltazari kinachomsubiri Butiama.

Siku ya kutambulishwa, Baltazari alifika amenyoosha suruali, amebeba kamongo mkavu wa kuvutia. Bibi Eufrasia, aliyemlea Wankyo tangu utoto, akamtundika samaki juu ya jiko, akarudi na kibuyu kwa mikono miwili.

“Karibu, mkwe wangu.”

“Asante, bibi. Ila maziwa nimeacha.”

Bibi akarudisha kizibo taratibu. Katika nyumba ile, mchumba aliyekataa maziwa alikuwa amemkataa binti. Mazungumzo yaliyobaki yalikuwa ya mvua.

“Umenikataa mbele ya bibi yangu!” Wankyo alilia wakiwa njiani.

“Nimekataa maziwa, siyo wewe!”

“Kwetu ni kitu kimoja. Usinipigie.”

Akamfungia simu. Alishona magauni ya maharusi wa watu huku machozi yakimtoka. Alimpenda yule mwanaume, na kumpenda kulimuuma.

Aliporudi Butiama, alimkuta kamongo bado ananing'inia.

“Bibi, mbona hukumpika?”

“Katika ukoo wa mama yangu kamongo ni mwiko. Wewe haukuhusu, ila mimi tangu nizaliwe sijamwonja.”

“Kwa hiyo na wewe umemkataa Baltazari?”

“Nimekataa samaki, siyo…” Bibi akayasikia maneno yake mwenyewe. Halafu cheko likamtoka mpaka khanga ikamdondoka begani. “Mtoto wewe! Hebu mpigie.”

Simu haikuita mara mbili.

“Mama watoto!”

“Bibi anakuita. Ila usinywe kwa ajili yangu, Balta. Afya yako naitaka.”

“Nilimsimulia baba, akanicheka. Ati, ‘Mababu gani hao wa kwenye simu? Babu yako alikuwaga na ng'ombe Nyamuswa kabla hatujahamia ziwani. Nimekulia kibuyu mimi. Kilichoniponza ni soda, siyo ng'ombe wa babu yako.’ Nakuja, mpenzi.”

Jumapili alifika. Bibi alipompa kibuyu, Baltazari kwanza alikinusa, macho kayafumba kama siku ile ya stendi, na chozi likamshuka. Akanywa kwa mafunda marefu. Wankyo akamfuta masharubu meupe kwa ncha ya kitenge chake.

“Na kamongo je, bibi?” Baltazari akauliza.

“Mimi simli. Mfungeni, mkampike kwenu.”

Kwenu! Wankyo akaenda kumfunga samaki kwenye gazeti, huku nyuma yake Baltazari akiomba aongezewe maziwa.