Saini ya Mama Mchungaji

Lifti ya hospitali ilikwama saa tatu asubuhi, siku ya kliniki, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Ndani kulikuwa na watu saba na taa moja iliyokuwa ikizimika na kuwaka. Alikuwemo mzee na fimbo yake, wanawake wawili waliokuja kumwona mgonjwa, mfagizi na ndoo, mtu wa maabara, mama mjamzito aliyekuwa ameshaanza kulia, na dada mmoja mwembamba mwenye gauni la kijani la kazini na kofia ya kitambaa iliyobana nywele zote.

Dada huyo alifanya kazi ghorofa ya chini, katika chumba cha kuchemshia vyombo vya upasuaji. Hospitali nzima ilimwita Mama Mchungaji, ingawa hakuwa na mtoto wala mchungaji. Walimpachika jina hilo kwa sababu hakusengenya, hakusingizia ugonjwa ili asije kazini, na mtu akitukana mbele yake alimtazama tu, mpaka aliyetukana akajikuta anaomba radhi mwenyewe. Lifti ilipotikisika na kushuka kidogo, alimshika mkono yule mjamzito akaanza kuimba wimbo wa kanisani, polepole. Wengine wakamfuata, hata mzee.

Fundi lifti alikuwa juu yao, amelala kifudifudi na tochi mdomoni. Alipoufungua mlango watu walitoka wakikanyagana, na dada akatoka wa mwisho. Fundi alikuwa na ovaroli la bluu lililopauka magotini, bisibisi tatu kifuani, na mdomo usiojua kupumzika.

"Ni wewe uliyekuwa unaimba?"

"Tuliimba sote, kaka."

"Wenzako walikuwa wanafuata. Dada yangu, mwaka wa tisa huu nafungua lifti zilizokwama. Watu hunitukana mimi, mama yangu na ukoo mzima. Leo ndiyo mara ya kwanza nakuta kwaya. Wewe huogopi?"

"Namshukuru Mungu," akasema.

Hilo halikuwa jibu, na yeye alijua. Aliteremka kwa ngazi akishika ukuta, akaingia chooni, akafunga mlango na kutapika. Tangu siku ile hakupanda lifti tena, na hakumwambia mtu yeyote.

Fundi alianza kuonekana ghorofa ya chini mara nyingi kuliko lifti ilivyoharibika. Alikuja dirishani kuuliza saa, kesho yake akaja kuomba maji. Siku alipolisikia lile jina la utani alishika kichwa. "Mama Mchungaji? Basi nimechelewa, mchungaji ameshanitangulia." Dada alicheka mpaka akaivuta kofia kufunika macho. Jumapili iliyofuata alimwona kanisani, amesimama nyuma kabisa karibu na mlango, ndani ya shati jeupe lililobaki na mikunjo ya dukani. Hakuwa amemwalika.

"Sikuja kwa ajili yako," fundi alimwambia nje, akimpangusia benchi. "Nimekuja kuona hicho unachokula wewe hata huogopi."

Maneno hayo yalimwingia dada kama mwiba. Wiki zilipita, simu zikawa nyingi, "mpenzi" ikachukua nafasi ya "dada yangu". Fundi akaacha pombe kimyakimya, akaacha na kuwajibu watu vibaya. Kila alipobadilika alisema ni kwa sababu ya yule mwanamke asiyeogopa. Naye kila jioni alikuwa anapiga magoti kando ya kitanda na kumwambia Mungu kwamba anaogopa. Aliogopa lifti, lakini zaidi aliogopa macho ya watu. Waliokuwa wanamwangalia walikuwa wamezidi, na hakujua watafanya nini siku watakapogundua kwamba ni mtu tu.

Walikosana kwa sababu ya kadi. Kila lifti ilikuwa na kadi ya ukaguzi ndani ya mfuko wa plastiki, na kila mwezi fundi alipaswa kupanda mpaka chumba cha mitambo, akague breki, kisha asaini. Siku moja dada alipita akamwona mpenzi wake amesimama mlangoni mwa lifti, anasaini kadi huku anatafuna karanga. Hata ngazi ya kupandia juu hakuwa nayo.

"Umeshaziona hizo breki?"

"Ziko pale pale, zitaenda wapi?"

"Unasainije kitu hujakiona? Watu wanapanda humu kwa sababu ya jina lako."

Alimwambia mbele ya wauguzi wawili, tena kwa sauti ya kufundisha. Fundi aliurudisha mfuko mahali pake na uso ukamvimba. "Sawa, malaika," akasema. "Sisi wengine tulizaliwa na mama zetu." Akaondoka. Siku kumi na sita zikapita bila simu. Dada alikonda, akawaambia watu kwamba amefunga.

Siku ya kumi na saba, saa mbili asubuhi, simu ililia mfukoni mwa gauni la kijani. Simu zilikuwa marufuku katika chumba kile, na aliyebandika tangazo la marufuku ni yeye mwenyewe. Alipoliona jina aliipokea, akaibana kati ya sikio na bega, mikono ikaendelea na kazi.

"Usikate," fundi alisema. "Nisikilize kwanza. Ulikuwa sahihi, na nilinuna kwa sababu ulikuwa sahihi. Nimesaini kadi ile miezi mitatu bila kupanda juu. Jana nimemwambia bosi kwa mdomo wangu. Sasa hivi naizima lifti, naifungua yote."

"Umemwambia bosi?"

"Nilitetemeka kama mtoto wa shule. Nikajiuliza, mwenzangu angekuwa hapa angefanya nini? Nikasema. Bado wewe ni mpenzi wangu au nimeshafukuzwa?"

"Bado mimi ni wako," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Ilikuwa furaha, na furaha ile ndiyo iliyomponza. Kazi ya chumba kile ilikuwa na utaratibu mmoja usiovunjwa. Kila trei ya vyombo ilifungwa kwa kitambaa na utepe wenye mistari myeupe. Trei ikikaa vya kutosha ndani ya mashine ya mvuke, mistari hugeuka myeusi. Hapo ndipo anayehusika huitazama, akasaini juu ya utepe kwa kalamu, na trei ikapanda chumba cha upasuaji. Mhudumu alikuwa dirishani akisema daktari anasubiri. Dada alinyoosha mkono akachukua trei, akasaini, akaipitisha dirishani, huku anacheka na simu.

Simu ilipokatika aliifungua mashine. Trei ya upasuaji wa asubuhi ilikuwa bado mle ndani, imetulia, na mistari yake myeusi tii.

Alisimama akiitazama. Ile aliyoipeleka juu ilitoka kwenye toroli la trei zinazongoja zamu, ilikuwa haijaingia mashine kabisa, na vyombo vyake vilikuwa vimeoshwa tu kwa sabuni. Alipiga simu ya chumba cha upasuaji. Iliita, ikaita. Hakuna aliyepokea, maana saa ile wote huwa wananawa mikono.

Alikimbia mpaka lifti. Siku hiyo angeipanda, hata kama ingekuwa inaning'inia kwa uzi. Mlangoni kulikuwa na kibao kwa mwandiko alioujua vizuri: IMEZIMWA, INAKAGULIWA. Akageukia ngazi. Ghorofa ni tano.

Ghorofa ya kwanza alikuwa na tumaini. Muuguzi wa juu ataona mistari myeupe, atairudisha, yeye ataomba radhi dirishani na mambo yataisha. Ghorofa ya pili akakumbuka maneno ya sista mmoja wa chumba cha upasuaji siku za nyuma, yaliyosemwa kwa sifa na yeye akayapokea kwa tabasamu: ukiona saini ya Mama Mchungaji, fungua tu. Hawataangalia. Walikuwa wameacha kuangalia trei zake zamani, kwa sababu ni zake.

Ghorofa ya tatu woga ulianza kumsemesha kwa upole. Hakuna aliyekuona, ulimwambia. Mgonjwa atapewa dawa za kuzuia vijidudu. Kidonda kikioza, vidonda huoza kwa sababu nyingi, na hakuna atakayekushuku wewe. Lakini ukifungua mdomo leo, utamwangusha nani? Yule mfagizi wa siku ya lifti, aliyerudi kanisani kwa ajili yako? Fundi aliyetetemeka mbele ya bosi wake kwa kukuiga? Watasema hata yeye, basi. Watasema bora tubaki kama tulivyokuwa. Nyamaza, ulinde jina la Bwana.

Akasimama, mkono kwenye ukuta. Hilo la mwisho lilikuwa limevaa vizuri sana, nusura limpate. Akajiuliza mgonjwa aliyelala juu anaitwa nani, akakuta hajui. Alichojua ni kwamba ni mama wa watoto watatu anayetolewa uvimbe tumboni, maana mhudumu alisema. "Yesu nisaidie, naogopa," akasema kwa sauti, akapanda zilizobaki mbili mbili.

Aliusukuma mlango wa chumba cha upasuaji na kusimama penye mstari mwekundu ambao hakuruhusiwa kuuvuka. Mgonjwa alikuwa ameshalala. Trei ilikuwa juu ya meza, kitambaa kimefunguliwa upande mmoja, na mkono wa sista uko hewani.

"Msiguse hiyo trei," alisema, akihema. "Haijachemshwa. Nimekosea mimi. Nilikuwa kwenye simu."

Chumba kizima kikamgeukia, macho matupu juu ya barakoa. Hakuna alichokuwa anakiogopa maishani kuliko macho yale. Daktari alirudi nyuma hatua moja, mikono imeinuliwa, akauliza kwa ukali saini hii basi ni ya nani.

"Ni yangu. Nilisaini bila kutazama."

Trei ikaondolewa, meza ikapanguswa, ile ya kweli ikaletwa mbio kwa ngazi. Upasuaji ulichelewa dakika arobaini na ukaisha salama. Metroni, mama mnene asiyejua mzaha, alimwita ofisini, akamwambia aandike barua ya kujieleza, na kwamba hatagusa mashine mpaka kamati ikae. Huenda asirudi kabisa. Alipokuwa anatoka, sista wa chumba cha upasuaji aliingia bila kubisha hodi, vidole vikichezea barakoa shingoni.

"Metroni, niandike na mimi. Utepe ulikuwa mweupe, nami sikuutazama. Za kwake siziangalii tangu mwaka jana."

Saa kumi alasiri fundi alimkuta ameketi kwenye ngazi za ghorofa ya pili, kofia magotini, nywele zimesimama ovyo. Alikaa ngazi moja chini yake. Harufu ya grisi ilimtangulia.

"Umesikia?" dada akauliza.

"Jengo zima limesikia."

"Nilikuhubiria juu ya saini mbele ya watu. Nikafanya lile lile. Nenda zako, sitakulaumu."

Fundi alitoa mfukoni kipande cha breki akakiweka kwenye kiganja chake. Kilikuwa kimelika mpaka kwenye chuma. "Miezi mitatu nilisaini kwamba hiki ni kizima," alisema. "Bosi ameniweka chini ya uangalizi kama mwanafunzi mpaka mwisho wa mwaka. Usingenisema, leo kungekuwa na watu mle ndani."

Dada alikigeuza kile kipande, kikampaka weusi vidoleni. Halafu akasema lile alilokuwa analificha tangu mwanzo, na kulisema kulimtisha kuliko kamati. "Wewe ulimpenda mwanamke asiyeogopa. Siyo mimi. Siku ile ya lifti, nisingeimba ningepiga mayowe. Nilitapika. Tangu siku ile nakwenda kwa ngazi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Uliimba ubeti mmoja mara kumi na moja, mpenzi. Nilikuwa juu pale, nilihesabu. Mtu asiyeogopa angefika ubeti wa pili."

Dada alicheka huku machozi yanamtoka, akampiga bega. Alimuuliza kwa nini basi alikuwa anamsifia uongo muda wote ule. Fundi alisema alikuwa anamngoja aseme mwenyewe, na kwamba kama dada angekuwa shujaa kweli, yeye asingemfuata mpaka kanisani. "Mimi naogopa kila siku," alisema. "Nilitaka kuona mtu mwoga anafanyaje jambo jema. Leo nimeona tena."

Akasimama, akampa mkono. Lifti ilikuwa tayari. Breki mpya zilishafungwa mbele ya macho ya bosi, ila kadi ilikuwa bado haina saini, kwa kuwa safari hii alitaka kupanda kwanza. Mlango ulikuwa wazi, taa mpya inawaka. Dada alisimama kizingitini.

"Siyo lazima," fundi alisema. Alikuwa ameshika kalamu, na kalamu ilikuwa inacheza. "Ila kuna mahali pengine nataka tusaini, mimi na wewe, mbele ya mchungaji wa kweli. Usinijibu sasa hivi. Nikague kwanza."

"Na wakinifukuza?"

"Utakuwa mke wa fundi aliye chini ya uangalizi. Tutafanana."

Aliitazama ile kalamu inavyotetemeka. Akavuta pumzi, akaingia ndani, akamshika mkono na weusi wake wote, akabonyeza namba tano. Mlango ulipojifunga alianza kuimba kwa sauti ndogo iliyokatikakatika, na fundi akaitikia. Walipofika juu walikuwa wameingia ubeti wa pili.