Kibodi ya Saa Tatu na Robo

Mhandisi alikuwa amelala chini ya ngazi, kiti chake cha magurudumu kikiwa kimemwangukia. Injini ya kiti ilikuwa bado inavuma.

"Amejiua," mkuu wa kituo alisema kwenye simu. "Barua ipo. Saa nane nataka jalada mezani."

"Afande, hata daktari hajamgusa."

"Saa nane, Inspekta."

Akakata. Inspekta alitukana kimoyomoyo, akapanda juu.

Barua ilikuwa kwenye skrini: *Ukumbi wa chuo, ulioua watu tisa, ulianguka kwa kosa langu. Michoro yangu ilikuwa mibovu. Mke wangu, nisamehe.*

Tangu apigwe na kiharusi, mhandisi hakuweza kusema wala kuinua kidole. Ilibaki shingo tu. Alivaa utepe wenye kifaa kidogo kwenye paji la uso. Akigeuza kichwa, kishale kilitembea kwenye skrini na kuchagua herufi mojamoja. Kiti nacho alikiendesha kwa kichwa. Kwa hiyo angeweza kuandika, na angeweza kujirusha ngazini. Hilo ndilo lililomkera Inspekta.

Mjane alisimama mlangoni, mfuko wa dawa bado mkononi. Alikuwa ametoka saa mbili kwenda zahanati, akarudi saa nne na kukuta msiba.

"Mama, pole sana. Isome hii barua. Ni yeye?"

Mjane alisoma mara mbili. "Mume wangu haweki mkato. Wala nukta. Aliwahi kuniandikia kwamba zinamvunja shingo bure."

Inspekta alimwita fundi wa kompyuta wa kituo, ambaye wenzake walimbandika jina la Mzee Subiri.

"Nipe jibu."

"Subiri kidogo."

"Dakika arobaini sasa!"

"Haraka haraka haina baraka, afande."

"Na kuchelewa kuna baraka gani? Saa nane faili linafungwa!"

Mzee Subiri alisukuma miwani. "Basi tazama. Kipanya, kibodi, hiki cha kichwani: programu haikitumii kifaa mpaka ikifungue kwanza. Ikimaliza, inakifunga. Na kila mara kompyuta inaandika saa na namba ya kifaa."

"Sema Kiswahili cha binadamu."

"Saa tatu na dakika kumi, kifaa cha kichwani kimefungwa. Saa tatu na robo, imefunguliwa kibodi. Saa tatu na dakika ishirini na mbili, kibodi imefungwa. Barua imehifadhiwa dakika moja kabla."

Inspekta alitazama meza. Hapakuwa na kibodi.

Waliipata moja chumbani kwa mjane. Mzee Subiri aliigeuza, akasoma namba mgongoni, akatikisa kichwa. Siyo. Muuguzi wa nyumbani alikuwa likizo wiki nzima. Saa sita ikapita. Simu ya mkuu ikaita. Inspekta aliiacha iite.

"Mama, nani mwingine huja hapa na kibodi?"

"Hakuna." Mjane aligeukia kompyuta. "Labda kaka yangu. Ndiye aliyemfungia mtambo huu. Huja na mkoba wa vifaa vyake."

Kaka mtu alikuwa mkandarasi, na ndiye aliyejenga ukumbi ulioanguka. Walimkuta ofisini kwake, kibanda cha mabati katikati ya nondo na mifuko ya saruji.

"Leo umefika kwa shemeji yako?"

"Nilifika saa nne, dada aliponipigia."

"Kabla ya hapo?"

"Nilikuwa hapa."

"Mkoba wako uko wapi?"

Aliutazama kabla ya kujibu. Mzee Subiri aliufungua, akatoa kibodi ndogo, akasoma namba kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu. Safari hii hakusema subiri.

Mkandarasi alikaa juu ya mfuko wa saruji.

"Michoro yake haikuwa na kosa," alisema. "Nondo nilipunguza mimi. Aligundua kwenye picha za kifusi. Asubuhi nilimkuta anaiandikia tume ya uchunguzi. Jina langu lilikuwa tayari kwenye skrini."

"Ukafanya nini?"

"Nilikifunga kile kifaa. Nikafuta maneno yake, nikaandika yangu. Kisha nikasukuma kiti, nikakiacha kimewashwa."

Mjane, aliyekataa kubaki nyumbani, alikuwa amesimama nyuma ya Inspekta.

"Kaka. Ulipokifunga, yeye alifanyaje?"

Mkandarasi alifunika uso.

"Hakujua, dada. Alidhani kishale kimekwama. Aliendelea kugeuza kichwa, anatafuta herufi."

"Alikuwa anataka kusema nini?"

"Sijui. Sikumwacha afike."