Akisema Yapo

SAA 4:10 ASUBUHI

Chumba cha nyuma kwa fundi wa magurudumu kilinuka mpira na gundi. Watu watatu, stuli mbili. Aliyekosa stuli alikaa juu ya tairi la trekta, mpira wa kijani umejiviringa miguuni pake. Huyo ndiye waliyemwita Mrija. Hakuna tangi mjini ambalo hakujua kulinyonya.

Shemeji yake alikuwa amechora kwa chaki sakafuni. Mstatili: yadi iliyo nyuma ya kiwanda cha magodoro. Msalaba: geti. Katikati ya mstatili aliweka kasha la kiberiti.

"Lori la mafuta," alisema. "Lita elfu thelathini na tano za dizeli. Zimelala humo wiki tatu, zinangoja bei ipande. Ni za Mheshimiwa mwenyewe."

"Una uhakika?" aliuliza Kufuli. Kufuli alikuwa pande la mtu, kazi yake milango, na maneno aliyatoa kwa kijiko.

"Si mimi dereva wake? Nililiingiza kwa mikono hii. Akaniambia nikaushe tangi la kuendeshea, lile la injini, ili lori lisiibwe, nikabidhi ufunguo, ninyamaze. Nimefanya mawili."

"Na la tatu?"

"Unanisikia nimenyamaza?"

Kufuli alicheka kidogo. Shemeji hakucheka. Alitoa mfukoni ufunguo wa pili, aliochonga kabla ya kukabidhi wa kwanza, akauweka juu ya kiberiti.

"Saa saba kamili Mheshimiwa anaongea redioni. Atasema mafuta yapo ya kutosha, wananchi tusiwe na hofu. Akishasema hivyo, wewe Kufuli unafanya nini?"

"Nabeba dumu."

"Kila mtu anabeba dumu. Akisema yapo, hayapo. Hata mtoto anajua. Dakika kumi mji wote uko kwenye foleni, na walinzi wawili wa ile yadi wako mbele. Wanalinda dizeli, pikipiki zao zinakunywa petroli, na wao ni watu kama sisi." Akamgeukia Mrija. "Wewe unapanda juu, unafungua mfuniko, unashusha mpira hadi tangi la kuendeshea. Umekuja na mpira wako?"

"Ninao."

"Ule wa siku zote?"

"Huu huu."

Shemeji aliutazama ule mpira kwa muda. "Vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na Mrija akadhani anamsema Mheshimiwa.

SAA 6:45 MCHANA

Walikaa kwenye benchi la kinyozi, mkabala na yadi. Kinyozi alikuwa amemnyoa mteja upande mmoja wa kichwa. Redio ilipiga muziki.

Mrija alihisi ladha ya dizeli mdomoni. Ilimjia kila uhaba ulipoingia. Aliwahi kusukutua kwa chumvi, kwa ndimu, kwa majivu. Ilibaki.

Miaka sita iliyopita, uhaba mwingine, Mheshimiwa yule yule, maneno yale yale. Jirani wa dada yake alipanga foleni kutwa nzima akapata dizeli kidogo ya pikapu yake. Alfajiri Mrija akaipitia, kama alivyopitia magari mengine kumi. Mbwa alibweka, mpira ukanasa kwenye shingo ya tangi, akaukata kwa kisu na kukimbia. Hakujua gari lile lilikuwa limeombwa na Shemeji limpeleke mkewe, dada yake Mrija, kujifungua.

Pikapu ilizima kilomita mbili kabla ya hospitali. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, akapokewa na wanawake waliokuwa wakienda na madumu yao kwenye foleni. Mama yake alitokwa na damu mpaka akanyamaza.

Hakuna aliyemjua mwizi. Mrija alibeba jeneza mbele, kwa kuwa ndiye kaka. Yule mtoto sasa alikuwa msichana wa miaka sita, akimwona mjomba wake tangu mwisho wa uchochoro anamkimbilia na kumdandia shingoni. Angesema, angempoteza. Basi hakusema. Na mpira hakuutupa. Mara tatu aliufikisha jalalani, mara tatu akarudi nao. Kuutupa kungekuwa kama kusema hakuna kilichotokea.

SAA 7:00 MCHANA

Muziki ulikatwa. Sauti nzito, iliyoshiba.

"Ndugu wananchi, napenda kuwahakikishia kwamba mafuta yapo ya kutosha..."

Kinyozi alizima mashine. "Tumekwisha," alisema kwa utulivu, akachomoa dumu chini ya kiti.

"Na upande huu?" mteja aliuliza, akijishika kichwa.

"Ukirudi utanikuta. Nikirudi utanikuta. Twende."

Wakaondoka wote wawili, mmoja nusu upara. Mtaa mzima ulikuwa umeshasimama. Milango ya maduka ilishushwa. Mwalimu alipita mbio na madumu mawili, chaki bado vidoleni. Mzee mmoja alisukuma gari ambalo mkewe alikuwa analiongoza, wakigombana. "Na aseme tena," mzee alifoka, "akisema tena hata maji yataisha."

Mheshimiwa alikuwa bado anaongea. Hapakuwa na mtu wa kumsikiliza ila wezi watatu.

SAA 7:09 MCHANA

Geti la yadi lilifunguka kwa ndani. Mlinzi wa kwanza akatoka anakokota pikipiki. Wa pili akafunga kufuli, akalitikisa mara moja kwa ajili ya dhamiri yake, akamfuata mwenzake.

"Sasa," alisema Shemeji.

SAA 7:13 MCHANA

Mkasi wa chuma ulikata kufuli kama kucha. Ndani, kuta ndefu zenye vigae vya chupa juu. Lori lilikuwa pale chini ya turubai, kubwa, kimya.

Mrija alipanda ngazi, akafungua mfuniko. Harufu ikampiga usoni. Akazamisha mpira, akateremka na ncha ya pili, akavuta kwa mdomo. Mkupuo mmoja. Dizeli ikamjaa kinywani, na kwa mara ya kwanza ladha ya nje na ya ndani zikawa moja. Akatema. Akasikia, wazi kabisa, sauti ya dada yake ikimwita kwa jina la utotoni. Alishazoea.

Tangi lilipopata ya kutosha aliurudisha mpira, dizeli ikimmwagikia kifuani, akafunga mfuniko, akapiga pampu ya mkono hadi hewa yote ikatoka kwenye mabomba.

"Washa."

Injini ilikohoa mara mbili, ikashika.

SAA 7:31 MCHANA

Kufuli alifungua geti wazi. Mrija aliviringisha mpira begani, akashika mlango wa kabini upande wa abiria. Umefungwa. Akagonga.

"Shemeji, fungua."

Dirisha lilishuka kidogo. Kitu kikaanguka miguuni pake. Kipande cha mpira, kirefu kama kiganja. Kijani. Ncha imekatwa mshazari ili isigande kwenye sakafu ya tangi, na alama tatu za kisu karibu na ncha.

"Pima," alisema Shemeji.

Mrija hakuhitaji kupima. Lakini alichukua ncha ya mpira wake, akaweka kipande kando yake. Rangi ile. Mshazari ule. Alama tatu, alama tatu, kama alivyochonga kila ncha mpya.

"Tulikitoa kwenye pikapu siku ya maziko," Shemeji alisema. Hakupaza sauti. "Miaka sita nakaa nacho. Nimemshuku kila mtu mtaani, nimemshuku hata jirani mwenyewe. Mwezi uliopita naja kwako kumchukua mtoto, namkuta anaruka kamba. Kamba ya kijani."

"Shemeji, sikujua kama ni..."

"Lita ngapi?"

"Nne."

"Nne." Shemeji aliingiza gia. "Zilibaki kilomita mbili."

Mrija angeweza kudandia ngazi ya nyuma. Alikuwa mwepesi, na lori lilikuwa zito. Lakini alibaki pale pale, na moyoni alihisi kitu kama nafuu, nacho kikamtia aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Alikuwa amelingoja jambo hili kwa miaka sita.

"Mtoto utamwambia nini?" aliuliza.

"Nitamwambia mjomba wake ameenda kupanga foleni."

Lori likatoka. Kufuli alilivuta geti bila kumtazama. Mnyororo ulilia, kisha kufuli jipya likabana kwa nje.

SAA 7:40 MCHANA

Kwanza alisikia viatu. Vingi. Kisha madumu matupu yakigongana. Kituo cha mafuta cha kona kilikuwa kimekauka, na kuna mtu alikuwa ametuma ujumbe kwenye simu za mtaa mzima: yadi ya Mheshimiwa, nyuma ya kiwanda cha magodoro, yamefichwa huko. Mrija alijua ni nani aliyeutuma.

Jicho likatokea kwenye mwanya wa geti. Likaona turubai chini, michirizi ya dizeli sakafuni, na mtu mmoja aliyelowa, mpira begani.

"Yuko mtu wake humu," jicho likasema. "Ananuka mafuta mpaka huku."

"Mimi si mtu wake," alisema Mrija.

"Tupe ufunguo, tupime sote. Mama yangu yuko kwenye gari pale, anaumwa."

Alitazama kuta. Vigae vya chupa vilimeremeta juani. Akasogea hadi getini, akaweka kiganja kwenye bati. Lilikuwa la moto, na upande wa pili watu walikuwa wanapumua.

"Hayapo," alisema. "Lori limeshaondoka. Naapa, mafuta hayapo."

Kisha akasikia sauti ya mwanamke, ya uchovu zaidi kuliko hasira.

"Amesemaje?"

"Anasema hayapo."

"Basi yapo," alisema yule mwanamke, na bati likaanza kuinama kwa ndani.