Mpangaji Ndani ya Kisanduku

Kisanduku cha maandishi kwenye skrini kilikuwa na maneno manne tu: Mikato ya Kuokoa Muda. Kilikuwa kipana, herufi zake ndogo, na kingeweza kumeza maneno mengine mia bila kulalamika. Lakini kwenye kona yake ya chini, upande wa kulia, ilikaa alama nyekundu ya kujumlisha, ndogo kama punje ya mtama.

Wapangaji wote wa kurasa wanaijua alama hiyo. Ikitokea, maana yake ndani ya kisanduku kuna maneno yaliyokosa nafasi. Hayaonekani, ila yamo.

Aliyeiona siku ile ni mwanamke aliyepanga kurasa katika kiwanda kimoja kidogo cha uchapaji. Jina lake halisi lilibaki kwenye barua ya ajira. Watu walimwita Bi Mkato, kwa sababu hakugusa kipanya hata siku moja. Kila kitu alikifanya kwa mikato, yaani njia za mkato za vitufe, vidole vikirukaruka, na wenzake walipokuwa bado wanatafuta pa kubofya, yeye alikwishamaliza na anapuliza chai. Sasa alikuwa anapanga kijitabu alichokitunga mwenyewe, mikato mia moja ya kibodi, na kilitakiwa kushuka mashineni saa tisa alasiri. Ilikuwa saa sita na robo mchana.

Mtu mwenye subira angejiuliza maneno manne yanafurikaje. Bi Mkato na subira walikuwa hawaamkiani. Alibonyeza Kontro, Alt na C kwa mpigo mmoja.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo penye kisa. Kuna mikato miwili ambayo ni ndugu wa tumbo moja. Ukiweka C, kisanduku hutanuka kitoshe kilichomo. Ukiweka E, kilichomo hubanwa kitoshe kisanduku. Bi Mkato alipowafundisha wageni wa kazi alikuwa akisema, "C ni kumtanulia mgeni kitanda. E ni kumkunja mgeni miguu mpaka atoshe. Msije mkachanganya, mtavunja mtu."

Kisanduku kikatanuka. Kilishuka hadi mwisho wa ukurasa, kikaingia wa pili, kikaendelea mpaka kurasa kumi na nne, zote zimejaa maandishi.

"Nani huyu kaniwekea maneno yake humu?" alinung'unika, lakini moyoni aliridhika. Mistari ilikuwa imelala sawasawa, bila mwanya hata mmoja. Hakusoma neno. Watu wa kazi hii hawasomi. Wanatazama umbo la maandishi kama fundi cherehani anavyotazama mshono, wala haulizi nguo ni ya nani.

Aliyesoma ni Chiriku, binti yake wa miaka saba. Shule zilikuwa zimefungwa na nyumbani hapakuwa na wa kumwachia, kwa hiyo tangu Jumatatu alikuwa akikaa kwenye stuli kando ya mama yake. Alikuwa ndiyo kwanza amejua kusoma, na hakuna maandishi yaliyopona. Swichi ya ukutani alikwishaisoma mara ishirini: "Ha-ta-ri. U-si-gu-se."

Sasa aliweka kidole kwenye skrini. "A-san-te," alisoma. "A-san-te kwa ku-ni-ta-nu-li-a."

"Toa kidole, mama, unachafua kioo."

"We-we ni m-pa-nga-ji. Na mi-mi ni m-pa-nga-ji." Chiriku akacheka. "Mama, eti na yeye ni mpangaji! Amepanga nyumba gani?"

Bi Mkato hakucheka. Alikuwa amenusa kitu. Chumba kile siku zote kilinuka wino na mafuta ya mashine, harufu aliyoizoea mpaka haisikii tena. Sasa kilinuka nguo mbichi zilizopigwa pasi kabla hazijakauka. Halafu akagundua kwamba hasikii mashine. Kule chini, nyuma ya kidirisha cha kioo kisichofunguka, mashine ilikuwa inazunguka na karatasi zinaruka, lakini sauti haikuwepo.

"Soma tena hapo," alisema polepole. "Mstari unaofuata."

"M-to-to a-na mi-a-ka sa-ba. A-me-va-a ske-ti ya ki-ja-ni." Chiriku alitazama mapaja yake. "Mama, ni mimi huyo."

Bi Mkato akachagua yote, akafuta. Kurasa zikawa nyeupe, zikajaa tena. Akatendua, akafunga faili, akalifungua tena. Maneno yalikuwa palepale, na chini kabisa uliongezeka mstari mmoja, herufi moja baada ya nyingine, vidole vyake vikiwa hewani.

Huo aliusoma mwenyewe. *Mimi nimetoka. Kisanduku hakikai kitupu.*

Vitufe vitatu vya kibodi vikazama bila kuguswa na mtu. Kontro. Alt. E.

Kwanza meza ilimgusa mbavuni. Alidhani amesogea, akasukuma kiti nyuma, kiti kikagota ukuta, na ukuta ule asubuhi ulikuwa mbali kiasi cha watu wawili kupishana. Akasimama amshike mwanawe, kichwa kikagonga taa, na taa ile alikuwa akipanda juu ya stuli kuibadilisha, na sasa ilikuwa inamchoma utosi huku kabati la karatasi likija upande wa kushoto taratibu bila kukwaruza sakafu, na mlango, ambao bado aliuona pale mbele, ukizidi kuwa mwembamba kadiri alivyounyooshea mkono, na ile harufu ya nguo mbichi ikiwa nzito kooni, na Chiriku, aliyekuwa amekaa hatua moja tu kutoka kwake, akimwita kwa sauti iliyokuwa nyembamba, nyembamba kuliko ya mtoto wa miaka saba, kama vile na sauti nayo imebanwa itoshe. Simu aliiacha kule chini kwenye mashine, ikichajiwa. Bi Mkato aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na hofu yake yote ilikuwa moja: amtoe mtoto humu.

Mlango ukagongwa.

"Bi Mkato," sauti ilinong'ona nje. "Mbona mlango wenu umekuwa kama wa kabati la vyombo?"

Alikuwa Mzee Risasi, anayejalidi vitabu. Hakuitwa hivyo kwa ajili ya bunduki; ujana wake wote alipanga kurasa kwa mkono, kwa herufi za madini ya risasi, kabla kompyuta hazijaja.

"Mzee, nisaidie. Niko na mtoto. Kilikuwa kisanduku, kilikuwa na alama nyekundu, nikakitanua..."

"Ulisoma kilichokuwemo?"

"Sikusoma."

Mzee alivuta pumzi. "Sikiliza, mwanangu, na usipige kelele. Sisi zamani tulikuwa na kasha la maneno yaliyokatwa kurasani. Tulikatazwa kuyaacha yalale humo kabla hatujayasoma. Neno lisilosomwa ni nyumba tupu, na nyumba tupu haikosi mpangaji. Umemfungulia, sasa anataka kuwaacha nyinyi humo mahali pake."

"Nifanye nini?"

"Msome. Anza neno la mwisho uje la kwanza, kwa sauti, moja moja. Alitoka kwa mbele, mrudishe kinyumenyume. Usiruke hata neno."

"Kurasa kumi na nne, mzee!"

"Hapa mkato hakuna."

Akaanza. "Kitupu. Hakikai. Kisanduku. Nimetoka. Mimi." Kila neno alilolitamka lilizimika kwenye skrini, na ukuta ukarudi nyuma unene wa kucha. Alisoma akiwa amepiga magoti, Chiriku amembana kifuani, midomo ikikauka. Yaliyoandikwa yalikuwa maisha yao: waliamka saa ngapi, mtoto anaogopa nini, yeye mwenyewe alisema uongo gani na kwa nani. Kila alipochoka, maneno yalijipanga yawe mepesi kurukwa. Kwenye ukurasa wa sita palitokea hata ushauri: *Ili kuokoa muda, ruka moja kwa moja hadi mwanzo.* Aliusoma nao kinyume, neno kwa neno, machozi yakimtoka.

Zikabaki kurasa mbili, ukabaki mmoja. Mashine ya chini ikaanza kusikika kwa mbali. Mlango ulikuwa karibu kurudi upana wake, na Mzee Risasi alikuwa amekwishapenyeza mkono. Bi Mkato aliuona mkono ule, moyo ukamruka, na kidole chake cha mwisho, kilichofanya kazi ileile miaka kumi na moja, kikajiendea chenyewe kwenye kitufe cha kuruka mstari. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja hawezi.

Mstari mmoja ulipita. Aliona umbo lake tu, mfupi, wenye nukta katikati; ulikuwa mmoja wa ile aliyoisoma Chiriku. Akamalizia yaliyobaki haraka haraka: "Mpangaji. Ni. Mimi. Na. Mpangaji. Ni. Wewe. Kunitanulia. Kwa. Asante." Skrini ikawa nyeupe, mlango ukafunguka wazi, na harufu ya wino ikawapokea.

"Umesoma yote?" Mzee Risasi aliuliza, jasho linamtiririka.

Bi Mkato alimnyanyua mwanawe. Hakutaka kurudi mbele ya ile skrini hata kwa dakika moja.

"Yote," alisema.

Njia ya mwongo ni fupi. Ilimfikisha getini upesi kabisa, kijitabu kimebaki mezani na saa tisa haijagonga. Jua lilikuwa kali, watu wanapita na shughuli zao, na yeye aliwapenda wote. Chiriku alitembea kando yake, mkono mkononi, akisoma vibao vya madukani.

"Fundi viatu. Kinyozi wa kisasa. Tunauza na kutengeneza redio za aina zote."

"Ehee!" Bi Mkato alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Tazama mtoto alivyojua kusoma!"

"Bei zetu ni nafuu, karibuni wateja wote," Chiriku aliendelea, laini, bila kukwama, bila kukata neno hata moja vipande.

Bi Mkato akasimama. Akachuchumaa mbele ya mwanawe amtazame usoni, lakini macho yake yaliishia kwenye pindo la sketi ya kijani. Kwenye kona ya chini, upande wa kulia, palikuwa na alama nyekundu ndogo ya kujumlisha.

Ni wino, alijiambia. Alilowesha kidole gumba kwa mate akasugua. Haikutoka. Akavuta pindo, nguo ilikuja, alama ikabaki palepale hewani.

Mtoto aliyesimama mbele yake alimtazama kwa utulivu, mdomo umefungwa. Sauti ilitoka kwenye ile alama, nyembamba kama uzi, ikikata silabi moja moja.

"Ma-ma. Ni-ta-nu-li-e."

Vidole vya Bi Mkato, vilivyojua mikato mia moja, vilishika lile pindo na kutafuta cha kubonyeza.